Fomu ya Meno

Tarehe 4 Februari

Kwako mwanangu, Mheshimiwa Mkuu wa Shule,

Nimeanza mimi kukujulia hali, maana nikisubiri shikamoo yako nitazikwa nikiwa bado naidai. Mimi mzima. Goti la kulia linanitangazia mvua kabla ya redio, la kushoto limenyamaza kama wewe. Paka amezaa wanne chini ya kitanda changu bila hodi. Dada yako alipita wiki iliyopita, akala, akalalamikia chumvi, akaondoka na sufuria yangu kubwa. Kwa hiyo hakuna kipya kilichoharibika.

Nakuandikia kwa sababu simu yako inaumwa. Nikikueleza habari za goti, inasikika vizuri. Za sufuria, vizuri. Nikimtaja mwanao tu, "Mama, mtandao, mtandao," halafu kimya. Karatasi haina mtandao. Itakaa mezani kwako ikikukodolea macho mpaka uijibu.

Mwanao alirudi kutoka chuo cha umeme mwezi wa Desemba. Hakufukuzwa, alijirudisha mwenyewe. Usiku halali. Anasema kuna watu wanagombana juu ya paa, na wanamtaja yeye. Siku ya kwanza nilipanda kiti nikagonga dari kwa mpini wa fagio, nikawaambia watoke, hii nyumba si ya baba yao. Hawakutoka. Ndipo nikajua si panya.

Nikampeleka zahanati. Daktari wa pale ni binti mdogo, viatu vyake vina matundu, lakini alimsikiliza mwanao nusu saa nzima. Wewe hujampa nusu saa tangu alipoacha kunyonya. Akasema huu ni ugonjwa kama ulivyo wa figo au wa macho, una dawa, na una idara yake kule hospitali kuu. Amempa vidonge vya wiki sita. Ameanza kulala. Ila idara hiyo haimpokei mtu bila fomu ya bima, na bima ya mwanao iko kwenye jina lako. Fomu inatoka huko ofisini kwenu: unaandika idara anayokwenda, unatia saini, karani anagonga muhuri, basi. Mimi ambaye sijui jina langu linaanzia upande gani wa karatasi ningeimaliza kwa kidole gumba.

Vidonge vitakwisha katikati ya Machi. Usiniambie mtandao.

Ni mimi, mama yako.


Kumb. Na. MAMA/01
Tarehe 26 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kuwa barua hii itakufikia ukiwa katika hali njema. Sisi huku hatujambo. Shule imepokea madawati mapya arobaini. Mke wangu anakusalimu. Watoto wanaendelea vizuri na masomo, mkubwa ameshika nafasi ya tatu.

YAH: AFYA YA KIJANA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeisoma barua yako kwa makini. Kwa maoni yangu, kijana huyo amechoshwa na masomo, na uchovu ukichanganyika na uvivu huleta mawazo mengi. Katika ukoo wetu hakuna ugonjwa wa aina unayoitaja.

Kuhusu fomu, naomba uelewe mazingira yangu. Mwezi Juni nina usaili wa cheo cha Afisa Elimu. Karani wa bima ni mwanamke ambaye kila fomu inapita mikononi mwake. Akiona jina langu na jina la idara ile katika karatasi moja, mambo yatasambaa hadi kwa wajumbe wa usaili, nao watauliza: mtu ambaye nyumba yake ina huyo, ataongoza wilaya?

Kwa sababu hiyo nimewaeleza watu wote, pamoja na jirani yako aliyenipigia simu, kwamba kijana yuko nje ya nchi kwa mafunzo ya vitendo. Naomba huo uwe ndio msimamo wa familia. Kijana huyo asionekane barazani mchana.

Mwisho, ningependa kujua ni nani anayekuandikia barua. Nakiri ana mwandiko mzuri sana, unasomeka. Lakini je, ni mtu wa kuaminika? Jambo hili ni siri. Barua hii ichomwe mara tu utakapomaliza kuisoma.

Wako katika ujenzi wa familia,
Mwanao.


Tarehe 17 Machi

Mwanangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuja na namba kama gari. Huku wazima. Paka mmoja kati ya wale wanne amehamia kwa fundi cherehani wa nyumba ya pili, anacheza na nyuzi, fundi analaani na kucheka. Dada yako hajarudisha sufuria.

Nimeisikia barua yako. Nasema nimeisikia, kwa sababu mimi sisomi, na hilo unalijua tangu ulipokuwa unanisomea ripoti zako za shule na kuruka hesabu. Sasa mtu mzima mwenye shule nzima chini yake ananiandikia siri, akijua lazima asimame mtu wa pili anisomee kwa sauti, kisha mwishoni anasema ichomwe asijue mtu. Mwanangu, ulisomea nini huko?

Unaniuliza nani ananiandikia. Ni mtu anayetunza siri kuliko wewe. Hayo yanakutosha.

Unasema kwenye ukoo wetu hakuna. Kaa chini nikuhesabie. Baba yako mdogo alikuwa anafunga mlango, anafungua, anafunga, mara arobaini kabla ya kwenda kazini, mpaka akaachishwa kazi. Tukasema ana usafi. Shangazi yako alilala miaka miwili ameuelekea ukuta, tukasema ana baridi ya mifupa. Babu yako alikuwa anasalimiana na nguzo za umeme, moja moja, na kuzisubiri zijibu. Tukasema mzee ana adabu. Ukoo wetu haujakosa ugonjwa, umekosa tu mtu wa kuuita kwa jina lake.

Na hayo mafunzo yako ya nje! Yule jirani tunayemwita Taarifa ya Habari alimkuta mwanao bombani ana ndoo mbili. Akamwambia, "Karibu sana, umerudi lini?" Mwanao hajui kudanganya, hakukulia kwako. Akamjibu, "Sijaondoka." Yule akaja kwangu mbio: "Mama, kijana amechanganyikiwa na safari, hajui hata kama alisafiri!" Basi unaona. Ulitaka asiitwe mgonjwa, umemfanya awe mgonjwa na mwongo.

Eti asionekane barazani! Kwenye chumba cha nyuma simfungii. Nimefuga kuku, nimefuga paka, mjukuu sijawahi kufuga.

Lakini nikushukuru pia. Pale mwisho wa barua uliposema, "Mwambie mwanangu namkumbuka, asikate tamaa, baba yake yupo," nilikusamehe theluthi moja. Hizo theluthi mbili zinangoja fomu.

Vidonge vimebaki vinne. Nilienda zahanati, binti wa watu akaniambia dawa hiyo huja na gari kutoka mjini, na gari halijaja tangu Januari. Ya malaria ipo. Ya kikohozi ipo. Ya kichwa hiki, hakuna aliyeikumbuka.

Mama yako.


Kumb. Na. MAMA/02
Tarehe 9 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku tunamshukuru Mungu. Mvua imeezua paa la stoo ya shule lakini limerekebishwa.

YAH: FOMU

Naambatisha fomu moja ya bima, ikiwa imejazwa, imesainiwa na kupigwa muhuri. Nimeijaza kwa busara, ili kulinda heshima ya pande zote. Bahasha ya ndani nimeifunga kwa gundi. Isifunguliwe na mtu yeyote hadi dirisha la mapokezi la hospitali. Wao ni wataalamu, wakimwona kijana watajua la kufanya.

Kuhusu maneno ya mwisho unayodai niliandika katika barua iliyopita, sina kumbukumbu nayo. Nimeangalia nakala yangu katika faili na hayamo. Labda ni makosa ya msomaji.

Mwanao.


Tarehe 2 Juni

Wewe,

Salamu zitakuja mwishoni zikipata nafasi. Anayeshika kalamu leo ni fundi cherehani. Mwandishi wangu hawezi kushika hata kijiko. Fundi anasema usimlaumu mistari ikienda upande, amezoea kuweka alama kwa chaki.

Nitakueleza taratibu, ili uone vizuri.

Hospitali walitupa tarehe, Jumanne ya katikati ya Mei. Kufikia siku hiyo mwanao alikuwa na miezi miwili bila kidonge. Hali chakula, haongei, anatazama juu tu. Nikamvika shati la mkono mrefu, nikamshika mkono kama siku ya kwanza ya shule, ambayo pia hukuja. Tukafika dirishani. Mhudumu akachana bahasha yako iliyofungwa kwa gundi, akasoma, akasema, "Chumba namba saba." Nikasema asante. Nikakaa nje kwenye benchi, nikajipongeza, nikakupongeza na wewe. Mungu anisamehe, nilikuombea hicho cheo chako.

Ndani, daktari akamwuliza, "Wapi panauma?" Mwanao akanyoosha kidole kichwani. Daktari akasema, "Ndiyo, maumivu ya gego hupanda mpaka kichwani." Akamchoma sindano ya ganzi.

Akatoka na pamba mdomoni na damu kidevuni. Nikasema moyoni, wataalamu wa siku hizi, kumbe kichwani wanaingilia mdomoni. Nikamwuliza muuguzi, "Hao watu wa paa wametoka?" Akanitazama. Akasema, "Mama, limetoka gego." Akaniletea kwenye kisahani. Gego zima, jeupe, halina hata doa. Nikamwambia anisomee ile fomu. Akasoma: Idara ya Meno.

Idara ya Meno, Mheshimiwa! Kati ya idara zote za hospitali nzima, uliona heshima ya nyumba yako ikae mdomoni mwa mtoto.

Sikuondoka. Nikamkokota tukaitafuta ile idara yenyewe. Kibao hakipo. Waliking'oa, nikaambiwa, kwa sababu watu walikuwa wanaona haya kusimama chini yake. Ukiuliza njia wanakuonyesha kwa kidevu, mdomo wameufunga, kana kwamba neno lenyewe linaambukiza. Tukafika. Muuguzi wa pale mwema, lakini mikono mitupu: "Fomu yenu imeshatumika, Mama. Bila fomu mpya sina ruhusa ya kutoa hata kimoja." Nikamwambia basi nimrudishie gego anipe kidonge. Hakucheka. Mimi pia sikuwa natania.

Wiki iliyopita, saa sita mchana, mwanao alipanda juu ya nyumba akaanza kung'oa mabati ili awatoe hao watu. Bati la kwanza, la pili, la tatu. Chini wakajaa. Wengine wanapiga picha, mmoja anapiga makofi, wawili wameleta kamba ya kufungia, Taarifa ya Habari anawaelekeza wasimame wapi waone vizuri. Aliyepanda ngazi ni fundi huyu anayekuandikia. Ana futi ya kupimia nguo shingoni, ana miaka hamsini na tatu, ana mguu mbovu. Alikaa naye juu ya paa wakazungumza, sijui nini, nikimwuliza anasema ni mambo ya mteja wake. Wakashuka pamoja.

Nikasimama kwenye ngazi ya mbele nikawaambia wote: "Huyu hakwenda nje. Si mlevi, hajarogwa. Anaumwa akili, dawa yake ipo, na baba yake ameipeleka kwenye meno. Mwenye swali?" Mwenye kamba alikunja kamba yake akaondoka nayo.

Sasa unajua kwamba wote wanajua. Huna tena cha kuficha, umebaki na cha kusaini.

Salamu hazikupata nafasi.


Kumb. Na. MAMA/03
Tarehe 11 Juni

Mama,

Shikamoo. Nimepokea barua yako jana, naijibu leo.

YAH: KUVUJA KWA SIRI

Nimesikitishwa sana na tukio la jino. Hata hivyo naomba uelewe nia yangu. Meno ni sehemu inayoheshimika, kila mtu ana meno, na kutoka hapo niliamini wataalamu wangemwelekeza kijana kunakohusika.

Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba mambo ya ndani ya familia yametangazwa juu ya ngazi, na sasa yameingia kwenye kalamu ya fundi cherehani, ambaye leo anashona nguo za mtaa mzima. Na bado hujaniambia mwandishi wako wa kwanza ni nani. Huyo ndiye aliyekuwa anajua kila kitu tangu Februari. Ndiye aliyebadilisha maneno yangu akaongeza salamu nisizotuma. Mtu wa namna hiyo ni hatari. Nitajie jina lake nichukue hatua.

Usaili umesogezwa hadi tarehe 24. Fomu nyingine naweza kuifikiria baada ya hapo.

Mwanao.


Tarehe 18 Juni

Mwanangu,

Umeng'ang'ania, basi pokea.

Mwandishi wangu wa kwanza ni mwanao.

Ulitaka iwe nani? Katika nyumba hii tuko wawili na paka. Mimi sijui kusoma. Paka naye hakusoma.

Barua ya Februari aliiandika yeye, na mikono yake ilikuwa imetulia kwa vile vidonge. Nilipofika kwenye habari za paa nikasita, nikamwambia, "Mume wangu, hapa turuke." Akasema, "Usiruke, Bibi. Ila niandike wanaongea au wanagombana? Maana wanagombana." Ndiyo maana ulisoma wanagombana.

Na majibu yako alinisomea yeye. Kila neno. "Uvivu" alilisoma. "Asionekane barazani" aliisoma, akainuka akasogeza kiti chake ndani bila mtu kumwambia, nikakirudisha. Ile "huyo" yako, ataongoza wilaya mtu ambaye nyumba yake ina huyo, aliisoma bila kupandisha wala kushusha sauti, kama anasoma maelezo ya kutumia pasi. Nilitaka kumnyang'anya karatasi. Akaniambia, "Subiri, Bibi, mwisho ni mzuri." Ndipo akanisomea hizo salamu. "Mwambie mwanangu namkumbuka, asikate tamaa, baba yake yupo."

Juzi nimempa fundi anisomee barua zako zote upya, kutoka ya kwanza. Alipofika mwisho wa ile ya kwanza akaanza kuikunja. Nikamwambia, malizia. Akasema, "Mama, imeishia kwenye kuchomwa." Nikamwambia tafuta nyuma ya karatasi. Nyuma hakuna kitu.

Basi hizo salamu mwanao alijiandikia mwenyewe. Alikaa mbele yangu, akajitungia baba, akanisomea.

Huyo ndiye mtu hatari unayetaka kumchukulia hatua. Chukua. Ila ukisema una macho ya kukagua shule, kumbuka umekaa na mwandiko wa mwanao mezani tangu Februari, ukausifu, hukuujua.

Leo ana siku ya pili hajala. Fundi anakuja asubuhi na jioni kumnywesha maji. Hayo ya usaili wako unayajua wewe.

Mama yako.


Tarehe 3 Julai

Mama,

Shikamoo. Barua hii haina namba na sikuiwekea nakala.

Nilizitoa barua zako kwenye faili nikazipanga mezani. Ile "k" yenye mkia mrefu nilimfundisha mimi, pembeni ya kitanda, akiwa na miaka mitano. Mama yake alikuwa bado hai. Nilimwambia mkia huo ni wa kumsaidia asianguke. Nimeitazama tangu Februari, Mama, nikaandika kwamba mwandishi wako ana mwandiko mzuri unaosomeka.

Usaili nilikwenda. Waliniuliza kuhusu madawati. Dakika ishirini, madawati. Hakuna aliyeuliza habari za nyumbani kwangu, wala sidhani kama wanajua nina nyumba. Cheo amepewa mwingine.

Kutoka hapo nilikwenda kwa karani wa bima. Nilisimama mlangoni mpaka akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia nataka fomu ya idara ya magonjwa ya akili, ya mwanangu. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Hakuinua hata kichwa. Akavuta droo ya pili, akasema, "Mwalimu, ungekuja mapema, hizi huisha kabla ya zote. Mwaka huu peke yake nimetoa kumi na nane." Nikamwuliza za nani. Akaniambia, "Za watu kama wewe, wanaokuja wamesimama mlangoni." Kisha akatoa moja, akaiweka pembeni chini ya kikombe chake cha chai. Nadhani hiyo ni ya kwake.

Fomu mbili zimo humu, nimeacha wazi bahasha. Mhudumu wa basi amepewa mkononi ili zisichelewe posta. Kuna na karatasi nyingine iliyokunjwa. Hiyo si yako, Mama. Mpe atakapoweza kusoma.

Sijui nimwambie nini fundi cherehani. Msalimie.

Mwanao.


Tarehe 29 Agosti

Mwanangu,

Sisi wazima, na safari hii neno hilo lina uzito wake. Goti limepumzika. Dada yako amerudisha sufuria, haina mfuniko. Fundi amepokea salamu zako, anasema ukitaka kumshukuru ulete mabati matatu, salamu haziezeki nyumba.

Angalia mwandiko. Umerudi ule ule. Herufi zinayumba kidogo, dawa inamtetemesha mikono na kumlaza kama mtoto mchanga, lakini muuguzi amesema watapunguza kipimo. Anakula. Ananenepa mashavu. Watu wa paa, anasema, hawajahama, ila wameshusha sauti, na sasa anajua ni wapangaji, si wenye nyumba. Anatafunia upande wa kushoto, ule wa kulia wewe ulimpa daktari wa meno.

Taarifa ya Habari alikuja juzi. Alikaa, akanywa chai vikombe viwili, akazungumza habari za bei, za mvua, za harusi. Aliposimama kuondoka akaniuliza, kwa kidevu, idara ile iko upande gani wa hospitali. Nilimwambia kwa mdomo, mara mbili, taratibu. Sikumuuliza ni ya nani. Kweli nilitaka sana kuuliza.

Ile karatasi yako nilimpa wiki iliyopita, aliposoma mwenyewe maandishi ya kwenye boksi la dawa. Alikaa nayo barazani, mchana, kwenye kiti kile. Alisoma, akarudia. Nikamwambia, "Haya, sauti. Barua za nyumba hii zinasomwa kwa sauti." Akaikunja akasema, "Hii si yako, Bibi." Miaka yote nimesomewa barua za watu wengine, leo nimefukuzwa kwenye ya mwanangu mwenyewe! Sijui umemwandikia nini, na kama aliongeza au alipunguza safari hii sitajua. Najua alikula viazi vyote, na vyangu.

Sasa sikiliza, maana usije ukadhani karatasi mbili zimemaliza kazi. Kliniki ni kila mwezi, na inayofuata ni Jumanne tarehe 10 Septemba. Muuguzi anasema mzazi mwenye bima afike mara moja, aeleze historia ya ukoo. Utamweleza babu yako na nguzo zake. Utamweleza wa milango na wa ukutani. Usitumie namba.

Ujue mapema pa kukaa. Benchi la idara ile liko kwenye ujia wa kuelekea maabara. Kila mgonjwa wa hospitali nzima anapita hapo, kila daktari, kila mtu anayekufahamu na asiyekufahamu. Pazia hakuna. Kibao nimewaambia wakirudishe, na wasipokirudisha nitakaa nikiwatajia wapitaji kwa sauti. Sisi tutakuwa pale saa mbili asubuhi, mimi mwisho huku, yeye mwisho kule, katikati pana nafasi ya mtu mmoja mnene kiasi chako.

Usipokuja nitaweka mkoba wangu. Mkoba hauoni haya.

Mama yako, na anayeandika anakusalimu. Salamu hii ni yake mwenyewe, nimemwona akiandika mimi nikiwa nimeshamaliza kusema, sikumwambia.